Mzee wa Mahurunga Asiyekuwepo

Shule ilipofungwa saa nane mchana, Saida alirudi nyumbani Ufukoni, akala, kisha akaenda kwa mjomba wake Selemani, mwenye duka la intaneti karibu na soko. Mwaka ule wa 2008 duka lilikuwa na kompyuta nne tu. Mjomba alimruhusu kujisomea kwenye moja mpaka wateja wajae.

Saida alikuwa darasa la saba, na alipenda kusoma jukwaa la mtandaoni lililoitwa Sauti ya Ruvuma. Humo watu wa Mtwara, waliobaki na waliohama, walijadiliana kila kitu: nani anafaa kuongoza chama, kama nchi inahitaji tume huru ya uchaguzi, bei ya korosho, na hata namna ya kumtibu kuku mwenye ndui.

Mada iliyowaka wakati ule ilikuwa uchaguzi wa mwenyekiti wa tawi la chama mtaani kwao. Wagombea walikuwa wawili: Mzee Hemedi, karani wa bandarini, na Bi Mwanakombo, mkulima wa korosho na muuza mihogo, ambaye ndiye mama yake Saida. Bi Mwanakombo alidai jambo moja bila kuchoka, kwamba kura ipigwe kwa siri, kwa karatasi. Miaka yote wanachama walikuwa wakinyoosha mikono, na kila mtu akaona nani kamnyima nani.

"Mwanamke aliyepanga chumba kwa mgombea, atamnyima kura huku anamtazama usoni?" alikuwa akiuliza. "Ile si kura. Ni kutishana hadharani."

Jumanne Saida alifungua jukwaa akakuta mchango wa mtu aliyejiita Mkereketwa: "Huyo Mwanakombo hata darasa la nne hakumaliza. Anawagawia akina mama sukari ili wamchague. Arudi kwenye mihogo yake."

Saida aliyasoma maneno hayo mara mbili. Mama yake alimaliza darasa la saba, na cheti chake kilikuwa ukutani. Na sukari gani? Nyumbani kwao chai yenyewe mara nyingi ilinywewa bila sukari. Mtu gani huyu asiye na haya, anayejificha nyuma ya jina la uongo na kumtukana mwanamke anayeamka kabla ya jogoo kutafuta riziki?

Hakusoma zaidi. Moyoni aliamua kwamba Mkereketwa ni Mzee Hemedi, kwani nani mwingine angefaidika? Mjomba alikuwa nje akizungumza na mteja. Saida akajisajili kwa jina la Mzee wa Mahurunga, kijiji cha mpakani, akaandika: "Mimi ni mkulima mwenye mvi. Hemedi ni mtu wa magendo. Msimu uliopita alivusha korosho zetu ng'ambo ya mto Ruvuma gizani. Mtu kama huyo atuongoze?"

Alibonyeza kitufe, na hasira ikatulia. Aliona amemlipizia mama yake kisasi.

Kesho yake habari ilikuwa mtaa mzima. Mtu aliuchapa ule mchango kwenye karatasi, ikapita mkono kwa mkono sokoni. Shuleni wavulana walimzunguka Halima, binti wa Mzee Hemedi, ambaye alikaa dawati moja na Saida. "Binti magendo," walimwimbia. "Tuvushe na sisi."

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Saida alimkuta nyuma ya darasa, macho mekundu.

"Baba ameambiwa kazini akae nyumbani mpaka wamchunguze," Halima alisema. "Na huyo mzee aliyeandika hapatikani. Baba ametuma watu Mahurunga, hakuna anayemjua."

Saida hakuweza kumtazama. "Lakini baba yako naye alimsingizia mama yangu," alisema kwa sauti ndogo.

Halima aligeuka kwa ghadhabu. "Baba yangu? Baba alimtetea mama yako humohumo, kwa jina lake kamili. Kasome kabla ya kusema."

Saida alikimbilia dukani mara tu shule ilipofungwa. Chini kidogo ya maneno ya Mkereketwa, pale ambapo hasira haikumruhusu kufika, aliukuta mchango huu: "Mimi ni Hemedi, mgombea. Mwanakombo ni mpinzani wangu, lakini hakugawa sukari kwa mtu. Alisoma na dada yangu mpaka darasa la saba. Tushindane kwa hoja. Na hiyo kura ya siri, mimi naiunga mkono."

Saida alifunga ukurasa. Aliondoka bila kumuaga mjomba.

Nyumbani alimkuta mama yake akimenya mihogo uani. Alimweleza yote, kuanzia mwanzo. Bi Mwanakombo aliweka kisu chini taratibu.

"Umemvua mtu heshima yake," alisema. "Umemtoa kazini. Kwa jambo ulilolitunga kichwani mwako."

"Nilikasirika, Mama. Walikutukana." Machozi yalimtoka. "Na wewe mwenyewe unataka kura ya siri. Mbona mimi kujificha iwe kosa?"

Mama yake alitikisa kichwa. "Kura ya siri inamkinga mnyonge asionewe kwa chaguo lake. Haimsingizii mtu. Ungejificha ili useme kweli unayoiogopa, ningekuelewa. Wewe umejificha ili useme uongo, na uliyemchafua hana hata wa kumuuliza. Nawa uso, twende."

Kwanza walipita dukani. Mjomba Selemani aliposikia, alikunja uso. "Nilikuachia kompyuta usome, Saida. Kumbe nilikuazima kisu cha kuchomea watu." Alisimama nyuma yake mpaka alipomaliza kuandika, safari hii kwa jina lake mwenyewe, kwamba Mzee wa Mahurunga hayupo, kwamba habari ya magendo ni uongo, na kwamba aliyeitunga ni yeye.

Kisha wakaenda kwa Mzee Hemedi. Saida alimwamkia, akapiga magoti, akasema kosa lake. Mzee Hemedi hakumwinua haraka.

"Nimefanya kazi bandarini tangu ujana, sijachukua hata korosho moja ya kutafuna," alisema. "Leo watoto wanamzomea binti yangu. Samahani nimeisikia. Lakini kazini kwangu nani atakwenda kusema?"

"Tutakwenda sisi," alijibu Bi Mwanakombo.

Na kweli asubuhi walikwenda bandarini. Saida alirudia maneno yaleyale mbele ya mkubwa wa ofisi. Mchana Mzee Hemedi aliitwa kazini. Shuleni, wavulana walipoanza tena wimbo wao, Saida alisimama mbele ya darasa. "Niliyetunga ni mimi. Kama mnataka mtu wa kumzomea, nizomeeni mimi." Walimzomea, naye akavumilia. Halima hakuhama dawati.

Jumamosi ulifika mkutano wa tawi. Kabla ya kura, Bi Mwanakombo alisimama akawaambia wanachama kwamba uongo juu ya mpinzani wake ulitoka nyumbani kwake. Minong'ono ilizagaa. Mmoja akapaza sauti kwamba mama kama huyo hafai. Katibu alipotaka watu wanyooshe mikono kama kawaida, Mzee Hemedi alikataa. "Karatasi," alisema. "Tulikwisha kubaliana na Mwanakombo." Zikagawiwa karatasi, kwa mara ya kwanza pale mtaani. Mzee Hemedi alishinda.

Njiani kurudi Saida alilia. "Umeshindwa kwa sababu yangu, Mama."

"Huenda. Lakini leo akina mama wamepiga kura bila kumwogopa mtu, na hilo ndilo nililolipigania." Bi Mwanakombo alimshika mkono. "Hasira yako ilikuwa ya haki, mwanangu. Mtu akimsingizia mwenzake, lazima ukasirike. Ila uongo hauzimwi kwa uongo. Chunguza kwanza, kisha sema unalolijua, kwa namna ambayo ukiulizwa utajibu."

"Na Mkereketwa?" Saida aliuliza kwa uchungu. "Yeye hajajitokeza mpaka leo. Hakuna aliyemfanya kitu."

"Hajajitokeza," mama yake alikubali. "Wewe umejitokeza. Sasa hiyo ndiyo tofauti yenu. Usiipoteze."