Bomba la Sadaka na Tangi la Samaki

Ndugu zangu, sie tuliokaa Mtoni zamani tunalijua bomba la nyumba ya mzee Mbwana. Lilikuwa nje ya ua, kando ya njia, halina kufuli. Mzee Mbwana alilitoa kwa nia ya sadaka, thawabu zimfikie marehemu mama yake. Alipofariki yeye, mkewe Bi Tabu akaliendeleza kwa nia ya wote wawili. Visima vyetu vilikuwa na maji ya chumvi, kwa hiyo kila asubuhi tulipanga ndoo pale na kuchota maji baridi, na Bi Tabu ameketi barazani anatutazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Choteni, msigombane."

Kugombana tuligombana, sitawaficha, lakini tuliondoka tunacheka. Mtaa mzima ulikuwa kama nyumba moja.

Basi miaka ya tisini ikaingia, milango ya biashara ikafunguliwa, na Anwar, mtoto pekee wa Bi Tabu, akapata kazi ya kutoa mizigo bandarini. Alikuwa kijana mwema, nisimsingizie. Mama yake alimvisha, alimlisha, hakumwacha apungukiwe kitu. Ila siku moja alialikwa nyumbani kwa bosi wake, akaona sebuleni tangi la kioo lenye samaki wa rangi na majani yanayoota ndani ya maji. Alirudi hasemi jingine. Akataka na yeye awe nalo, tena liwe kubwa kuliko la bosi.

Mafundi wakavunja ukuta kati ya sebule na chumba cha wageni. Wakamwaga zege chini, wakasimamisha vioo vinene, wakaviunga kwa gundi kutoka Dubai. Ukaletwa mchanga wa mto lori zima, na mchanga ule ulitakiwa uoshwe mpaka maji yatoke meupe. Ulioshewa wapi? Palepale bombani. Sie tumesimama na ndoo zetu tangu asubuhi, maji baridi yanamwagika mtaroni, na tunaambiwa tusubiri.

Ilipofika zamu ya kujaza tangi, Anwar akaona maji yanaingia kwa unyonge. Akaita fundi bomba, la nje likakatwa, maji yote yakaelekezwa ndani.

Bi Tabu alimwita mwanawe. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kumsuka nywele.

"Anwar mwanangu, lile bomba si lako, wala si langu. Wenyewe wako kaburini."

"Najua, mama. Lakini hawa samaki maji yao lazima yabadilishwe kila mara, la sivyo wanakufa. Acha wazoee kwanza, nitalirudisha."

"Lini?"

"Wiki ijayo, inshallah."

Tangi lenyewe lilipendeza, jamani. Siku nilipoingia kulitazama nilisahau hata nilichofuata. Majani yalikuwa mabichi kama shamba la mpunga, samaki wadogo wekundu wanapita katikati kwa makundi, taa zinawaka juu na mapovu yanapanda. Watu walitoka mpaka Kinondoni kuja kuliona, na Anwar akiwaeleza jina la kila jani. Wiki ijayo ikapita, ikaja nyingine. Kila mama yake alipouliza, jibu likawa lilelile.

Bi Tabu akaacha kukaa barazani. Nilimuuliza kulikoni.

"Nitakaaje pale, mwanangu? Watu wanapita na ndoo kavu, wananiamkia mie. Niitikie kwa uso gani?"

Jirani yetu Mwanabaraka binti yake alikuwa amejifungua, na mzazi hawezi kukaa bila maji. Bi Tabu, kwa uzee wake, akawa anajaza ndoo ndogo jikoni na kuipitisha mlango wa uani. Anwar akamkuta.

"Mama, unaniaibisha! Watu watasema nakubebesha maji!"

Akamnyang'anya ile ndoo, tena kwa heshima, maana hakuwa mtu wa mabavu. Akaenda kuimimina kwenye tangi. Najma, mke wa Anwar, ndiye aliyenisimulia, na aliposimulia alilia. Alisema mama aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Mnaukumbuka ule mgao. Asubuhi moja umeme ulikatika, mashine ya kuwapa samaki hewa ikanyamaza, na jua lilipopanda samaki wakaanza kuja juu, wanapapasa kwa midomo. Asubuhi hiyohiyo Bi Tabu akasema kifua kinambana.

"Mume wangu, mama hali yake si nzuri," Najma alimwambia. "Twende naye hospitali sasa hivi."

Anwar alimgusa mama yake paji la uso. "Hana homa. Ni uchovu tu. Nakimbia mara moja Kariakoo kutafuta jenereta, hawa samaki hawatafika mchana. Nikirudi tunampeleka."

Akaondoka na pikapu, gari pekee lililokuwapo mtaani kwetu.

Najma alikuja kwangu mbio, hata viatu hana. Nilimtuma akatafute gari barabarani, mie nikaingia chumbani. Bi Tabu alinishika mkono.

"Amelirudisha?"

Nikamsogelea sikioni, nikamsomea shahada, naye akaifuata mpaka mwisho. Najma aliporudi na teksi, hatukuwa na mgonjwa tena.

Anwar alirudi alasiri. Tulimsikia akipiga honi njiani, anaita vijana waje wamsaidie kushusha jenereta. Ndipo alipoona wanaume wameketi mkekani, vichwa chini. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya Anwar yalizaliwa siku ileile.

Mie ndiye mwosha wa wanawake wa mtaa ule. Nilitoka nje nikamuuliza, "Maji ya kumwoshea mama yako yako wapi?"

Alikwenda jikoni akafungua bomba. Kavu. Umeme ukikatika, na mitambo ya maji husimama. Akafunua pipa, tupu, alikuwa amelimalizia kwenye tangi. Akageuka kulitazama tangi lenyewe. Samaki walikuwa wanaelea matumbo juu, na maji yamechafuka yananuka. Maji ya namna hiyo maiti haoshwi. Nyumba ilikuwa na maji ya kujaza kisima, na haikuwa na ndoo moja ya kumsitiri mwenye nyumba.

Hatukumwambia mtu aende kuomba. Lakini tulipoangalia njiani, tuliwaona wanawake wanakuja, ndoo vichwani, kanga zimelowa mabegani. Mbele yao ni Mwanabaraka. Anwar alimfuata mpaka mlangoni, machozi yanamtoka.

"Shikamoo, mama. Mmeyapata wapi?"

"Marahaba. Tumeyafuata Kurasini, kwenye kisima cha maji baridi."

"Kwa miguu? Baada ya yote niliyowafanyia?"

Mwanabaraka alitua ndoo yake taratibu. "Tumekunywa maji ya mama yako miaka yote hii, Anwar. Tushindwe kumwogesha leo?"

Anwar akakaa chini palepale, akalia kwa sauti kama mtoto. Sie tukaingia ndani na maji yetu, tukamwosha Bi Tabu akatakata.

FUNDISHO

Anwar alilivunja lile tangi kwa mikono yake, na bomba akalirudisha njiani. Tunachota, na tunamshukuru. Lakini aliyeliomba hakuliona.

Wasomaji wangu, sikatazi mtu kupendezesha nyumba yake. Samaki si dhambi, wala kioo si dhambi. Ubaya ni kuchukua kilichokuwa cha wengi ukakifanya pambo la mmoja, na ubaya zaidi ni kumwambia mzazi "wiki ijayo" kwa jambo la heri linalowezekana leo. Mzazi wako akikuomba kitu, kitende angali ana macho ya kukiona. Akishafumba, utalia, utatubu, utatoa sadaka, na Mungu atapokea akipenda. Ila yeye hatakuambia tena, "Ahsante, mwanangu."