Bega la Kulia la Mansuetus

Baridi ya Mbinga asubuhi ile ilikuwa imewafanya hata wapiga debe wa stendi waite abiria mikono ikiwa mifukoni. Ndani ya duka la steshenari lililotazamana na mabasi ya Songea, Gaudiosa alikuwa amejifunga kitenge cha njano juu ya sweta, akitoa kopi za vyeti huku foleni ikimsukumia meza. Katikati ya foleni alisimama mwanamume mrefu mwenye sare ya kijani ya askari wa wanyamapori, kofia kaikunja mkononi kama aliyeingia kanisani.

"Dada, unajua Kiingereza?" aliuliza zamu yake ilipofika.

"Inategemea. Cha darasani au cha wazungu?"

"Cha duka la bunduki."

Mama aliyekuwa nyuma yake alirudi hatua.

"Usiogope, mama. Bunduki yenyewe ni ya jumuiya ya vijiji vyetu, imelala stoo kule Lipingo, ziwani. Mimi nimetumwa kuitafutia kifaa, tena cha bei nafuu." Akamsogezea Gaudiosa simu. "Hiki kidude kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu. Mafundi wanakiita breki. Aina zake ni nyingi, na maelezo yote ni ya kizungu."

Gaudiosa alikuwa ameacha shule na mimba tumboni, akaja kuirudia sekondari kwa masomo ya jioni, mtoto amelala mgongoni. Kiingereza kilikuwa fahari yake. Alisoma polepole, kidole chini ya mistari.

"Hii yenye matundu juu inazuia mtutu usiruke. Hii ya matundu ya pembeni ndiyo rahisi, na ndiyo inayopunguza sana teke la bunduki. Ila wanaonya. Kishindo chote kinatupwa kando. Aliyesimama pembeni ya mpigaji anaumia masikio kuliko mpigaji mwenyewe."

"Lakini teke linapungua?"

"Karibu nusu, wanasema. Kwani linakusumbua?"

"Mimi?" Alicheka upesi mno. "Bunduki yetu inajipakia risasi yenyewe. Ukipiga ya kwanza mtutu unaruka, ya pili inakwenda mbinguni. Na mamba hakungoji ulenge upya."

Alilipa, akakataa chenji, kisha jioni akarudi kuidai.

"Si ulikataa?"

"Nilikataa ili nipate sababu ya kurudi. Naitwa Mansuetus."

Kuanzia hapo simu ya Gaudiosa haikupoa. Lipingo mtandao ulikamata juu ya jiwe moja tu nyuma ya kanisa, na Mansuetus alilipanda kila jioni.

"Umekula, mama'angu?"

"Nimekula daftari. Kesho nina mtihani."

"Usishibe sana, nitashindwa kukutambua."

"Wewe umekula nini?"

"Ugali wa muhogo, dagaa, na upepo wa ziwani. Jiwe lenyewe lina baridi, lakini sauti yako ni blanketi."

"Nyie watu wa ziwani mna maneno."

Gaudiosa alimweleza mapema habari za Valeria, bintiye mdogo, na za baba wa mtoto huyo, aliyefika kijijini Maguu kwa mzee Leopold, baba yake Gaudiosa, akajitambulisha kuwa ni karani wa ofisi Songea. Ofisi haikuwapo. Alipobanwa alipotea, na mzee Leopold alikaa miezi akipita njia ya nyuma ya shamba la kahawa ili asiulizwe na majirani.

"Mimi siogopi mtu asiye na kitu, Manse," alisema Gaudiosa. "Naogopa mtu wa kunipanga kwa uongo."

"Sitakupanga."

Wakakubaliana mshenga aende Maguu kahawa ikishauzwa. Kabla ya hapo, Mansuetus aliomba Gaudiosa ateremke Lipingo Jumapili moja, mama yake amwone.

Gaudiosa alivaa gauni la bluu lenye mikono ya puto. Valeria alivaa viatu vyeupe na soksi za maua. Walipofika, mtoto alimkimbilia Mansuetus.

"Shikamoo, baba."

Neno lile hakufundishwa na mtu. Alinyoosha mikono abebwe. Mansuetus aliinama, akasita, akasimama tena jasho likimtoka usoni.

"Nenda kwa bibi, mwanangu. Bibi atakubeba."

Gaudiosa alilimeza. Lakini mchana, ufukweni, Valeria alivua viatu, mchanga ukamchoma nyayo, akalia akinyoosha mikono kwake tena. Mansuetus alikuwa na ndoo ya samaki mkono wa kushoto. Hakuitua. Gaudiosa ndiye aliyekimbia na gauni lake la bluu kumnyanyua mtoto.

"Valeria amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Ndoo ya samaki unaiweza. Mwanangu unamkwepa mara mbili, tena mbele ya mama yako."

"Sivyo hivyo, Gau."

"Basi ni vipi?"

Karibu nao Raimundi, mwenzake wa kazi, alikuwa anakunja kamba. Mansuetus alimtupia jicho, akafunga mdomo.

"Sawa," alisema Gaudiosa. "Kama humtaki mtoto wa mwanamume mwingine, ungeniambia nikiwa Mbinga. Nisingemvalisha soksi za maua."

Jioni ile ile alipanda gari. Simu iliita njia nzima, ikaita wiki ile na zilizofuata, naye akaiacha iite. Darasani alisoma mstari mmoja mara nyingi bila kuuelewa. Valeria alipouliza baba wa ziwani yuko wapi, alimwambia anakimbiza mamba.

Siku moja wakati wa kufunga duka, Mansuetus alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda, sare imemlegea.

"Sikuja kuanza na msamaha," alisema. "Nimekuja na habari za Raimundi. Nipe nafasi niseme, halafu unifukuze."

Gaudiosa hakumpa kiti, lakini hakuendelea kufunga.

"Tulinunua ile breki ya bei nafuu. Mkuu wetu, afande Wilfred, akaipitisha kwa wahusika wa silaha, ikafungwa. Juzi mamba akatokea pale wanapofulia akina mama. Unajua kazi yetu ilivyo. Mamba akipigwa anazama papo hapo, kwa hiyo mtu wa ndoano anasimama ubavuni mwa mpigaji, bega kwa bega, arushe ndoano mara risasi inapotoka. Mtu wangu wa ndoano ni Raimundi. Nikapiga mara mbili. Watu wakashangilia. Nageuka, Raimundi amepiga magoti, kashika kichwa."

"Sikio?"

"La upande wangu halisikii ila mluzi. Mke wake anamsemesha, yeye anatazama ukuta."

"Nilikusomea, Manse. Hapa hapa."

"Ulinisomea. Mimi nilisikia neno teke tu."

"Kwa nini teke?"

Alifungua vifungo vya shati, akaliteremsha upande wa kulia. Juu ya bega mfupa ulikuwa umeungana vibaya, umetuna kama kiazi, na ngozi yake imeiva zambarau na njano, damu iliyovilia juu ya damu iliyovilia.

"Mwaka jana nilianguka na pikipiki Kitai. Ofisini nilisema nimechubuka. Bunduki ikipiga teke hapo, naona giza. Nikasema afande akijua, ananivua silaha, na askari asiyepiga anawekwa getini au anarudi kwao. Halafu Maguu niende kusema mimi ni nani? Valeria akininyooshea mikono, bega linamwona kabla yangu. Linaogopa lenyewe."

Gaudiosa alitaka kuligusa bega lile na alitaka kumpiga.

"Umenipanga," alisema.

"Nimekupanga."

"Raimundi anajua?"

"Hajui mtu. Anadhani breki ilinunuliwa kwa ajili ya shabaha."

"Mamba akitokea tena, nani anashika ndoano?"

"Raimundi. Amegoma mwingine asishike. Anasema mimi na yeye tumezoeana."

Gaudiosa alichukua funguo, akazima taa. "Afande Wilfred bado yuko ofisini. Twende."

"Nikimwambia, kazi imekwisha leo."

"Nimesikia. Twende."

Ofisi ya jumuiya hapo Mbinga ilikuwa nyuma ya ghala la kahawa. Gaudiosa alingoja nje, karibu na wanawake waliokuwa wakimalizia kuchambua buni na kumtania kwamba ana sura ya mtu aliyemleta mgonjwa. Alisikia sauti ya Mansuetus ndani, ya chini, ndefu.

Alipotoka, kofia hakuwa nayo.

"Amekasirika?"

"Angekasirika ningepumua. Aliniuliza tu Raimundi ana watoto wangapi." Alijifuta uso kwa mkono wa kushoto. "Breki inafunguliwa. Raimundi anapelekwa hospitali Songea. Mimi nimekabidhi kofia, nangoja kikao. Kisha niende kwa Raimundi nimwambie mwenyewe."

"Sikio litarudi?"

"Hawajui."

Walitembea kuelekea stendi, kila mmoja upande wake wa barabara, wauza karanga wakipita katikati yao.

"Mshenga nitamwambia asiende," alisema Mansuetus.

Gaudiosa alivuka, akaja upande wake. "Mwambie aende."

"Mzee atauliza nafanya kazi gani."

"Ajibu kwamba huna. Aseme na sababu, na ya Raimundi asiiruke."

"Baba yako atamfukuza."

"Huenda. Mimi nitakuwa chumba cha ndani, nasikiliza. Nikisikia amepamba hata neno moja, nitatoka mwenyewe nikatae."

"Na akisema yote?"

Gaudiosa alikaza kitenge kiunoni. Kwao Maguu, wageni wa posa wakishasema shida yao, binti huitwa sebuleni aulizwe kama anawafahamu; akisema ndiyo, amekubali.

"Basi nitabaki ndani," alisema, "nikingoja kuitwa."