Sauti Iliyomtangulia Vernell

Sauti ya pili ilimtangulia Vernell kwa nusu pumzi. Roscoe, fundi wa studio pale Memphis, aliurudisha mkanda mara tatu, kisha akavua miwani.

"Dada, ulikuwa na nani mle ndani?"

"Na gitaa langu."

"Basi gitaa limejifunza kuimba. Tena linakushinda."

Vernell Gaither hakucheka. Miaka minane alikuwa ametunga na kuimba kwenye vilabu ambako watu walimjali samaki wa kukaanga kuliko yeye. Halafu mwaka huu wimbo wake mmoja ukatoka kwenye santuri, redio zikaupiga kutwa, wanaume wazima wakasimamisha magari kando ya njia ili walie. Na bahati ile alijua alikoitoa. Kwa bibi yake Odessa, kule Mississippi, mti wa uani umevikwa chupa za buluu, ili pepo wanaotangatanga wanaswe humo wasifike mlangoni. Siku moja Vernell alikosa kitu cha kutelezesha kwenye nyuzi. Akachuma chupa moja, akaikata shingo, akaivaa kidoleni. Mpiga gitaa akihitaji shingo ya chupa haulizi chupa ni ya nani.

Tangu hapo maneno yalimjia yenyewe, naye akayafuata tu, kama waumini wa kwao wanavyomfuata kiongozi anayewatajia mstari wa wimbo, nao wakaurudia kwa kuuvuta. Alidhani ni kipaji. Lakini sasa, saa nne asubuhi, studio ilinuka maji ya kinamasi, na ile sauti, ingawa Roscoe alishazima mashine na mkanda umesimama kabisa, iliendelea kutaja mstari ambao Vernell alikuwa hajauandika, mstari wa mto unaomwita mtu kwa jina lake, ikanyamaza kidogo ikimngoja, na koo lake, Mungu wangu, likaanza kuitikia.

Akatoka mbio na gitaa lake, hakusimama mpaka Mississippi.

"Umeifungua chupa yangu?" Bibi Odessa alinong'ona, macho kwenye kile kidole. "Pepo huyo nilimfunga mama yako hajaota meno."

"Nisaidie, Bibi."

"Atarudi ndani kwa kuimbiwa. Ila ataondoka na alichokupa. Utabaki na sauti yako."

"Ile mbaya?"

"Ile yako."

Vernell alilia. Alitaka sana kupendwa, na asali alishaionja. Hata hivyo alikivua kile kioo kidoleni, akaimba ndani ya chupa mpya hadi ikatetemeka na kupata moto mikononi, na bibi akaikandamizia kizibo. Kimya. Sauti iliyobaki kooni ilikuwa nyembamba, yenye kukwaruza. Aliifurahia, maana ilikuwa peke yake.

Jumapili mchungaji akamwita mbele awatajie waumini mistari ya wimbo. Kanisa lilifurika, hapakuwa na nyumba pale isiyokuwa na santuri yake, ile aliyoiimba na shingo ya chupa kidoleni.

"Tuongoze, binti yetu!" wakamhimiza.

Akafumbua kinywa, hajaamua hata aanze na wimbo upi. Kanisa zima, wazee kwa watoto, likamtangulia kwa nusu pumzi. Waliimba habari za mto unaomwita mtu kwa jina lake. Kisha wakanyamaza, wakamtazama, wakingoja aitikie.