Sauti Iliyovuka Ukuta

Kila alasiri akitoka shule, Kidole alifua soksi zake, akafagia sebule, kisha akafanya hesabu mezani. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa kuwa hakikuwepo kitufe ambacho hakukibonyeza. Siku hiyo alimaliza hesabu mapema. Mama, fundi cherehani, alikuwa bado kwenye kibanda chake cha kushonea, mwisho wa mtaa.

Runinga ilitundikwa karibu na mlango. Amplifaya mpya na spika zake mbili viliwekwa upande wa pili wa chumba, chini ya dirisha. Waya uliokuja navyo ulikuwa mfupi, na mama hakutaka waya wa kukatiza sakafu, watu wajikwae. Alikuwa amesema wangeviunganisha bila waya Jumamosi, pamoja, baada ya kusoma maelekezo. Kidole aliona maelekezo ni ya watu wasiojua.

Akawasha runinga na amplifaya. Kwenye kioo yakatokea majina mawili ya vifaa vilivyo karibu, yaliyotofautiana tarakimu ya mwisho tu. Akachagua la juu. Runinga ikaandika kwamba imeunganishwa. Filamu ikaanza, lakini kimya. Akaongeza sauti. Kimya. Akaongeza hadi mwisho.

Alikuwa ameinama kukagua amplifaya aliposikia, nyuma ya ukuta, nyumbani kwa jirani yao Mama Pacha, mwanamume akinguruma: "Fungua mlango. Ukichelewa nauvunja."

Mama Pacha alikuwa peke yake na watoto wachanga wawili. Kidole akajibanza nyuma ya kochi. Akasikia watoto wakilia, mlango wa nyuma ukibamizwa, kisha Mama Pacha akipiga mayowe: "Mwizi!" Vishindo vya miguu vikapita dirishani.

Alipochungulia, aliona watu wamemzunguka msoma mita wa maji, mwanamume mwembamba aliyekutwa ameinama kwenye mita ya Mama Pacha. Shati lake la kazi lilikuwa limechanika begani. Alieleza kwamba hata hodi hajabisha, lakini hakuna aliyemsikiliza. Sauti ikanguruma tena. Mtu akasema mwenzake yumo ndani, na kijana mmoja akaokota tofali.

Kidole akageuka. Kwenye runinga, midomo ya jambazi wa filamu ilifumbana sauti ile ilipotamka neno la mwisho.

Rimoti ilikuwa mkononi. Angeizima runinga, sauti ingekoma, na hakuna ambaye angejua. Msoma mita naye asingekuwa na cha kumtetea. Kidole akaiacha filamu iendelee, akatoka nje.

Mama alikuwa amefika mbio, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Kidole akamvuta mkono. "Mama, si yeye. Ni runinga yetu."

Mama hakuuliza la pili. Akasimama mbele ya msoma mita, akasema mwenye tofali aanze na yeye.

"Siku hizi wezi wanatetewa na watoto?" kijana akauliza.

"Nitaisimamisha filamu," Kidole alisema, sauti ikimtetemeka. "Mtasikia huyo wa ndani naye ananyamaza."

Akaingia, akabonyeza. Nyumba ya Mama Pacha ikawa kimya. Akabonyeza tena, na jambazi akaendelea kutoka katikati ya neno. Mama Pacha, watoto kifuani, akaingia kwake na watu wawili. Wakaikuta spika yake ndogo isiyo na waya, ya kampuni ile ile ya amplifaya, juu ya kabati, taa yake ikiwaka. Alikuwa hajaizima tangu asubuhi.

"Basi tuifunge spika," mtu mmoja alisema. Hakuna aliyecheka.

Msoma mita aliketi barazani, akishikilia shati lake lililochanika, asikiguse kikombe cha maji alicholetewa na Mama Pacha. Mama Pacha akamwomba radhi. Wengine walikuwa wameanza kutawanyika. Mama akawarudisha, wakaomba radhi mmoja mmoja, kijana wa tofali akiwa wa mwisho. Mama akawaambia kwamba kusikia si kuona, na swali moja tu lingewatosha.

Kisha akamgeukia binti yake.

"Kukosea jina kwenye kioo ni kosa dogo, mwanangu. Lingekuwa kubwa kama ungenyamaza. Uliogopa, nimeona. Hofu haimkatazi mtu kusema kweli. Ila aiseme kabla tofali halijarushwa."