Mkwaruzo Chini ya Rangi

Kila Jumamosi Kristina alitoka mtaani kwao Nguvumali na bakuli la bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, kumpelekea chakula kaka yake Laurenti, fundi msaidizi katika kiwanja cha ndege. Ilikuwa mwaka 1956, naye alikuwa msichana wa darasa la sita aliyependa kusikia habari za kazi ile. Laurenti alikuwa amemweleza mara nyingi kwamba bati la mwili wa ndege ni jembamba, na gundi kuukuu kwenye maungio yake hubanduliwa kwa kijiti, si kwa chuma.

Jumamosi moja alimkuta amechuchumaa ubavuni mwa ndege, brashi ya rangi mkononi. Chini palikuwa na kisu. Kristina akainama kutazama. Kwenye maungio ya mabati palikuwa na mkwaruzo mrefu, nusu yake imeshafunikwa kwa rangi.

"Umetumia kisu," alisema.

"Kijiti kilinichelewesha. Ndege inaondoka alasiri. Weka chakula, uende zako."

"Mwambie msimamizi wenu, Mzee Idarusi."

"Nikifukuzwa, nani atakusomesha?"

"Basi nisisome."

"Nyamaza, Kristina. Mimi ni mkubwa wako."

"Ni mkubwa wangu, na ninakuheshimu. Lakini usiposema wewe, nitasema mimi."

Akaegemea ubavu wa ndege penye mkwaruzo, usipate kupakwa tena, gauni lake likaloa rangi. Laurenti akamvuta mkono. Hakusogea.

Mzee Idarusi akasikia mabishano yao, akaja kuona kuna nini.

"Shikamoo, mzee," Kristina alisema, bado ameegemea.

"Marahaba. Mbona umesimama hapo?"

Kristina akamtazama kaka yake, akangoja. Laurenti akaweka brashi chini.

"Nimekwaruza bati kwa kisu, mzee. Nilikuwa naficha."

Mzee Idarusi akafuta rangi kwa kitambaa, akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukanasa.

"Umeingia ndani. Bati lingeanza kupasukia hapa, watu wakiwa angani."

Safari ikaahirishwa. Abiria walinung'unika, lakini bati lile lilikatwa na kiraka kipya kikapigwa ribiti, misumari ya kuungia mabati. Laurenti hakufukuzwa, alirudishwa kuosha ndege mpaka aaminiwe tena.

"Kila fundi hukosea," Mzee Idarusi alimwambia. "Ukisema, tunatengeneza. Ukificha, watakufa watu wasiojua lolote." Kisha akamgeukia Kristina. "Nawe, binti, ukiambiwa unyamazie hatari, hata na mkubwa wako, usikubali."

"Sikukubali, mzee," alijibu Kristina. "Wala sitakubali."