Kibao cha Sauti ya Dada

Msiniambie nimsamehe shemeji. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, siku ya kawaida tu. Shemeji, mume wa marehemu dada yangu, ni fundi wa vyombo vya muziki vya umeme. Alikuwa ameunda meza ya kioo inayowaka kwa chini, na ndani yake kamera inayotazama juu. Ukiweka kibao cha mbao, kamera inasoma mchoro uliobandikwa chini yake, na meza inatoa sauti ya kibao hicho: ngoma, filimbi, chochote. Ukikizungusha, sauti inapanda. Ukikiondoa, inanyamaza.

Dada alikuwa mwimbaji, na shemeji alikuwa amerekodi nyimbo zake ndani ya meza hiyo. Alipolazwa alimwomba mumewe jambo moja tu, mbele yangu: afute sauti yake yote iliyomo kwenye meza ile. Hakutaka kuchezewa akishakufa. Shemeji akaapa. Baada ya mazishi nilimuuliza, akanijibu ameshafuta zamani.

Mwongo mkubwa yule! Jumamosi hiyo nilipita karakana yake kumrudishia drili, nikamkuta anajiandaa kwa onyesho. Akaweka kibao. Dada akaimba.

Damu ilinichemka. Nilimtolea yote yaliyonijaa moyoni. Yeye anatabasamu, eti watu wanaipenda ile sauti, eti ni kumuenzi. Kumuenzi! Huku anakizungusha kibao, na dada anapanda, anapanda, mpaka ikawa kilio.

Nikakinyakua.

Sauti haikukatika.

Shemeji akapangusa vibao vyote vikaanguka sakafuni. Meza tupu. Dada anaimba. Akachomoa waya ukutani. Taa ikazimika. Dada anaimba, polepole, kisha akanyamaza. Ikabaki pumzi tu, chini ya kioo.

"Uliniapia," dada akanong'ona.

Shemeji akafungua mdomo amjibu. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, kashika koo, macho yamemtoka.

Mpaka leo hasemi. Madaktari wanasema koo lake ni zima kabisa.

Juzi mama alinituma nikafunge karakana. Waya bado umechomolewa. Juu ya meza kulikuwa na kibao kimoja, na mchoro wake, nilipouchungulia kupitia kioo, sijawahi kuuona. Sijui nani alikiweka. Nikakigusa kwa kidole.

"Shemeji," meza ikaniita kwa kunong'ona, sauti ya mume wa dada. "Nitoe humu."

Niliruka nyuma, sikatai. Lakini hasira ilikuwa bado imenikaa. Nikamwambia anyamaze, nikafunga mlango.