Klachi Iliyokazwa Kama Uzi

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, fundi cherehani aliifuta pikipiki yake mpya. Aliifuta kwa kipande cha flana laini, masalio ya nguo ya mteja. Alianza na taa, akaja kwenye tangi, akamalizia na rimu. Kiti kilikuwa bado na nailoni ya dukani, na hakutaka mtu aiguse.

"Baba watoto, chai inapoa!" mkewe alimwita kutoka ndani. "Au nimletee na huyo mke mwenzangu kikombe?"

"Mletee tu. Ila yeye anakunywa petroli."

Mkewe akacheka. Chumba cha pili, mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, ameelekeza uso dirishani. Alikuwa anajaribu kujua kama kumekucha. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alichokiona kilikuwa ukungu tu. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa hatua zao.

Wiki ile madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwenye hospitali iliyo ng'ambo ya kilima. Wangefanya upasuaji hadi Ijumaa, kisha waondoke. Hakuna aliyejua watarudi lini. Daraja la barabara ya magari lilikuwa limebomolewa na mvua. Njia iliyobaki ilikuwa ile ya kilimani, nyembamba na yenye mawe, ya kupita kwa miguu au kwa pikipiki. Kwa miguu, mama mkwe asingefika.

"Jumatano nitampeleka mimi mwenyewe," fundi aliahidi. "Kazi ya pikipiki ni nini?"

Alisema hivyo kwa sauti kubwa. Lakini moyoni alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo hakumwambia mtu.

Pikipiki ilikuwa inasumbua gia.

Mwanzoni gia ziliingia vizuri. Baadaye zikawa kaidi. Akibana klachi na kukanyaga gia, aliisikia ikigonga, "kang!" Kisha pikipiki iliruka mbele kama mtu aliyechomwa sindano. Akisimama, kuipata nyutro, yaani kuiacha pikipiki bila gia, ilikuwa shughuli pevu. Alikanyaga juu, alikanyaga chini, na taa ya nyutro haikuwaka.

Fundi akautazama mkono wa klachi pale kwenye usukani. Aliuona umelegea. Basi akafikiri kama mshonaji. Kwenye cherehani, uzi ukilegea, mshono unaharibika. Dawa yake ni kukaza. Akachukua spana, akaizungusha nati ya kebo ya klachi. Alikaza hadi mkono wa klachi ukawa hauchezi hata kidogo. Akaiendesha pikipiki kidogo nyuma ya nyumba. Gia ziliingia bila kelele.

"Nimekupata," aliiambia, huku akilipiga tangi kofi la upendo.

Kulikuwa na jambo jingine. Mtu alimwambia kwamba injini mpya haitakiwi kuchoshwa. Kwa hiyo alikuwa anaingiza gia ya nne mapema, halafu anaendesha polepole sana. Injini ilitetemeka na kugugumia. Yeye aliamini anaionea huruma.

Jumatano ikafika. Mama mkwe alipandishwa juu ya kiti. Aliona haya kumshika mkwewe kiunoni, kwa hiyo alikishika chuma cha kubebea mizigo kilicho nyuma yake.

"Eee Mungu, tutangulie," alinong'ona.

"Amina," mkwewe alijibu, na wakaondoka.

Tambarare walikwenda vizuri. Kilima kilipoanza, injini ilianza kunguruma. Fundi akakisokota kishikio cha kulia, akavuta moto. Injini ikapiga kelele zaidi, lakini mwendo ukapungua. Akavuta tena. Kelele zikaongezeka. Miti ya pembeni ikawa inapita taratibu, kisha taratibu zaidi.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema nyuma yake, "injini inakimbia, mbona upepo umekatika usoni?"

Fundi akazidi kuvuta moto. Jasho lilimtoka. Alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Akataka kushusha gia. Akakanyaga kwa ncha ya kiatu, kwa upole, kama anavyoanza kukanyaga cherehani. Gia ikatoka pale ilipokuwa, na haikuingia nyingine. Pikipiki ikasimama. Halafu ikaanza kurudi nyuma.

"Mama, shikilia!"

"Nimeshikilia! Tunakwenda wapi?"

Alibana breki zote mbili. Gurudumu la nyuma likateleza juu ya mawe. Kushoto kulikuwa na bonde. Kulia kulikuwa na ukingo wenye majani. Fundi akaulaza usukani kulia kwa nguvu zote, na wote wawili wakaanguka majanini.

Kimya. Injini ilikuwa imezimika.

"Mama! Mama, umeumia?"

"Kiwiko," mama mkwe alisema, akikipapasa. "Mungu ametuona. Nirudishe nyumbani. Kwa miguu."

Walirudi wakitembea polepole sana, yeye akisukuma pikipiki kwa mkono mmoja na kumshika mama mkwe kwa mwingine. Nyumbani, mkewe aliuona ule mkwaruzo kwenye kiwiko. Hakupiga kelele. Alizungumza kwa sauti ya chini, na hiyo ilimchoma mumewe zaidi.

"Ungeniulia mama."

"Sipandi tena," mama mkwe alisema. "Si hii wala ya mtu mwingine. Macho yabaki yalivyo."

Fundi alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alipofikiri kwamba mama yule atabaki gizani kwa sababu yake, aliinamisha kichwa. Aliomba kimya kimya. Hakuwa na maneno mengi. Alisema tu, "Mungu wangu, nionyeshe nilipokosea."

Alipoinua kichwa, jirani yao alikuwa amesimama langoni. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mwenye mabega mapana. Watu walimwita Mama Helmeti, kwa sababu hata sokoni alichagua nyanya akiwa ameivaa.

"Nimesikia mmeanguka," alisema. "Na hiyo harufu naisikia kutoka huku. Naweza kuitazama?"

"Itazame, dada. Imenishinda."

Mama Helmeti akaugusa mkono wa klachi kwa kidole kimoja. Akakunja uso.

"Nani kaukaza hivi?"

"Mimi. Ulikuwa umelegea, gia zikawa zinagonga."

"Kweli ulikuwa umelegea kupita kiasi. Kebo mpya hutanuka kidogo ikianza kazi. Ikitanuka, ukibana klachi haiachii yote, na gia zinagoma. Kukaza ilikuwa sawa. Ila wewe umekaza kama unafunga gunia!"

"Kwenye cherehani…"

"Hii si cherehani, jirani. Leta viganja vyako." Akavikutanisha viganja vya fundi. "Ndani ya klachi kuna sahani. Ukiuachia mkono, sahani zinabanana hivi, na nguvu ya injini inafika kwenye gurudumu. Ukibana mkono, zinaachana, ndipo unabadilisha gia. Sasa wewe umeikaza kebo mpaka sahani hazibanani sawasawa hata ukiachia. Zinateleza. Injini inakimbia, gurudumu halipati nguvu. Zikiteleza zinapata moto, zinaungua."

"Ndiyo maana upepo ulikatika," sauti ilisema mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, ameshika fremu ya mlango.

Mama Helmeti akageuka. "Wewe uliligundua hilo, mama?"

"Mimi sioni, mwanangu. Masikio ndiyo kazi yake."

"Basi masikio yako ni fundi mzima!"

Hata mkewe fundi akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu warudi.

"Ilegee kiasi gani?" fundi aliuliza.

"Pale shinani, mkono wa klachi unapokutana na kishikio chake, pabaki nafasi ndogo. Chukua kifungo cha shati. Unene wake unatosha. Lakini kipimo halisi kimeandikwa kwenye kitabu kilichokuja na pikipiki. Umekisoma?"

Fundi akajikuna kichwa. "Kipo chini ya kiti. Sikutaka kuitoa ile nailoni."

"Mungu wangu!" Mama Helmeti akapiga makofi. "Itoe leo!"

Alhamisi asubuhi fundi na Mama Helmeti waliisukuma pikipiki hadi gereji. Fundi wa gereji alifungua klachi. Sahani zilikuwa zimeungua, nyeusi na zenye kung'aa. Akaweka nyingine. Kisha akamwaga oili ya injini kwenye beseni. Ndani yake vitu vidogo vilimetameta juani.

"Hizi ni chembe za chuma," alieleza. "Injini mpya vyuma vyake vinajuana kwa kusuguana. Vinatoa vumbi hili. Ndiyo maana oili ya kwanza inamwagwa mapema, kuliko zile zitakazofuata. Ulikuwa hujamwaga?"

"Nilijua bado mpya."

"Pikipiki ndiyo mpya. Oili ya kwanza inachafuka haraka."

Akakaza nati zilizolegea kwa mtikisiko na kuupima mnyororo. Mwisho akaweka nafasi kwenye mkono wa klachi, na fundi cherehani mwenyewe akaipima kwa kifungo kutoka mfukoni mwake.

Jioni Mama Helmeti alimfundisha uani, na mama mkwe alikaa mlangoni akisikiliza.

"Asubuhi iwashe, iache ipate joto kidogo, kisha ondoka taratibu," mwalimu alisema. "Usiiache ingurume papo hapo bila kwenda. Siku hizi za mwanzo usivute moto hadi mwisho. Usikae na mwendo uleule muda mrefu, ongeza, punguza. Na usiitembeze polepole kwenye gia kubwa. Unadhani unaihurumia, kumbe unaitesa! Sasa badilisha gia nikuone."

Fundi akabana klachi nusu, akagusa gia kwa ncha ya kiatu. Ikakwama katikati.

"Unamkanyaga nani, mtoto mchanga? Achia moto. Bana klachi yote. Kanyaga gia kwa uhakika hadi iingie. Kisha achia klachi taratibu huku unaongeza moto. Tena!"

Alirudia hadi mguu ukauma. Jua lilipokaribia kuzama, gia zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine, bila kugonga.

"Haigugumii tena," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Nilimwomba Mungu anifikishe hospitali. Sikumchagulia usafiri. Kesho tutakwenda."

"Mama, una hakika?" binti yake aliuliza.

"Sina. Ndiyo maana nitaomba usiku kucha. Na yeye aikague hiyo klachi asubuhi."

Ijumaa wote walivaa helmeti. Mama Helmeti alimpakia mkewe fundi kwenye pikipiki yake mwenyewe, akatangulia.

"Mama, leo mshike kiunoni," aliagiza. "Aibu tuiache hapa nyumbani."

Mama mkwe akamshika mkwewe, kwanza kwa vidole, kisha kwa mikono yote miwili. Fundi alisikia moyo wa yule mama ukidunda mgongoni mwake. Au pengine ulikuwa moyo wake mwenyewe.

Kilima kikaanza. Aliingia na gia ya tatu. Mbele aliyaona yale majani yaliyolala. Mikono ikakaza usukani. Alisahau kila kitu alichofundishwa.

"Mkwe," mama mkwe alimwambia sikioni, "inalalamika. Shusha gia."

Alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Akaachia moto, akabana klachi yote, akakanyaga kwa uhakika. Gia ya pili ikaingia. Akaachia klachi taratibu. Kwa pumzi moja pikipiki ilisita, na mikono ya mama mkwe ikambana mbavu. Halafu ikashika. Ikavuta. Mawe yakapita chini yao, yale majani yakabaki nyuma.

"Upepo umerudi," mama mkwe alisema.

Fundi akaongeza moto kidogo. Machozi yalikuwa yanamtoka ndani ya helmeti.

Juu kulikuwa na sehemu tambarare. Wakasimama ili injini ipoe, kisha wakateremka upande wa pili. Walipofika hospitali, muuguzi alikuwa ameanza kufunga mlango wa chumba cha kusubiri.

"Yupo mmoja zaidi!" Mama Helmeti alipaza sauti tangu getini. "Dada, tafadhali, usifunge!"

Muuguzi aliwatazama. Aliona vumbi lao na yule mama aliyeshikwa mikono pande mbili. Akaufungua mlango.

Jicho moja lilifanyiwa upasuaji siku ileile. Siku iliyofuata bandeji ilitolewa. Mama mkwe akapepesa, akamtazama binti yake muda mrefu, akamgusa shavu. "Umekonda," alisema, na wote wakalia.

Alipewa dawa na miwani ya kukinga jicho, akaelekezwa asiinue vitu vizito. Madaktari walisema la pili litasubiri watakaporudi. Hakulalamika. Muuguzi alipomruhusu kusafiri, mkwewe alikuja kumchukua. Alikuwa ameukagua mkono wa klachi, mnyororo, breki na hewa ya magurudumu.

Walipofika juu ya kilima, fundi alisimama kabla ya kuteremka kuelekea nyumbani. Mama mkwe alitazama chini. Aliona njia nyembamba, aliona mawe, aliona bonde.

"Ndipo hapa mlinipandisha?"

"Ndipo hapa, mama."

"Ningekuwa naona, msingenipandisha hata kwa kamba!" Akaitazama njia tena. "Na usitie nyutro. Nilimsikia mwalimu akikuambia siku ile tuliposimama hapa. Kwenye mteremko tunashuka na gia, injini itusaidie kuzuia."

"Nimeshaweka ya pili, mama. Lakini kama unaogopa, fumba macho."

"Nifumbe?" Mama mkwe alimpiga kibao cha begani. "Baada ya shida yote hii? Nenda taratibu, baba. Nataka kuona."